Tovuti ya Shule Imewaamkia Wazazi Wote

Wanangu, leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto.

Tovuti ya shule yetu hapa Masasi ina tabia moja. Kila ikijisasisha yenyewe, inamtumia Mwalimu Mkuu barua pepe kumjulisha. Yeye imemchosha. Asubuhi akaniita ofisini (mimi ni mwanafunzi tu, ila ndiye fundi wa tovuti, cheo nilichojipa mwenyewe).

"Wewe mtaalamu! Hii barua inaingia kwangu kila mara, haipigi hodi, haisemi shikamoo. Adabu gani hii?"

"Shikamoo Mwalimu. Ni mashine hiyo."

"Marahaba. Mashine haina wazazi? Ikijisasisha salama, inyamaze. Ikishindwa tu ndiyo iniambie, tena kwa heshima. Ukiweza hilo, likizo nzima nakuachia funguo za chumba cha kompyuta."

Likizo nzima! Mnajua likizo zangu: kuokota korosho za babu kule Chilangala mpaka mgongo unadai talaka. Nikakimbilia kompyuta.

Nikaandika msimbo. Sasisho likifanikiwa, barua isiende. Likigoma, iende, ianze na shikamoo. Hapo ujuaji ukanipanda kichwani, nikaongeza maneno matamu:

"Shikamoo. Nimejitahidi sana nimeshindwa. Hali yangu si nzuri. Naomba msaada mapema kabla sijazimika kabisa."

(Nililengwa na machozi mwenyewe.)

Ikabaki anwani ya kutumia. Kuandika upya nikaona uvivu. Nikanakili kipande cha msimbo unaotuma matangazo ya shule. Yale yanayokwenda kwa wazazi wote. Yale yenye jina la mtumaji: Mwalimu Mkuu.

Nikaifanya tovuti ijidai imegoma, nijaribu. Ikaandika: "Imetumwa." Nikaenda kujipongeza kwa andazi.

Chai haijapoa, simu ya Mkuu ikaanza kuita. Wa kwanza Mama Zuhura, sauti inasikika mpaka nje:

"Mwalimu, unaniamkia mimi? Mimi uliyenichapa kidato cha pili? Basi kweli hali ni mbaya!"

"Nani kakuamkia?"

Kabla hajajibiwa, bodaboda ikaingia getini kama ina kesi. Baba Somoe, na mdogo wake kapakiwa nyuma na blanketi.

"Mwalimu, panda katikati. Tunakuwahisha Ndanda, hospitali."

"Mimi mzima!"

"Wote husema hivyo. Kaka yangu alisema hivyohivyo, Mungu amrehemu. Dogo, mshike miguu!"

Shule nzima imejaa madirishani. Baba Somoe anampapasa Mkuu kipaji cha uso. Mdogo wake anakunjua blanketi. Mkuu akampokonya Baba Somoe simu, akasoma barua yake mwenyewe, midomo inacheza. Akainua macho. Yakanikuta nimesimama na andazi mdomoni.

"Nani huyu anayezimika?"

"Tovuti, Mwalimu."

"Tovuti?" Baba Somoe akauliza. "Ndiyo ugonjwa gani huo?"

Madirisha yakalipuka kwa kicheko. Mimi nikatamani blanketi lile nijifunike.

Nikaambiwa nirekebishe anwani palepale, Mkuu kaniinamia begani, anapumua kama fahali. Nikarekebisha. Nikajaribu tena. Barua ikamfikia yeye peke yake, na shikamoo yake. Akaisoma, akaitikia kwa sauti, "Marahaba." Nikaona kama amelainika, nikanyoosha mkono nipokee funguo.

Akaniwekea simu yake.

"Kila atakayepiga, mwambie sijambo. Likizo nenda kaokote korosho."

Nikapokea mpaka koo likakauka. "Mwalimu hajambo, ilikuwa tovuti." "Mwalimu hajambo." Ndipo ikaingia sauti ya mama mmoja, ya unyenyekevu kabisa:

"Shikamoo Mwalimu Mkuu. Pole sana baba. Nani kakufanyia hivi?"

"Mama, ni mimi mwanao."

Unyenyekevu ukaisha palepale: "Hata sikuwa na haja ya kuuliza."

Sasa atakayecheka aje apokee hii simu, inaita tena.