Kipimo cha Benchi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika ila ametuma mwakilishi. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye yuko njiani. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, Makamu wake, na Makamu wa Makamu wake. Daktari Bingwa wetu, ambaye pia ni shemeji yangu, ingawa leo nimemwalika kwa sifa ile ya kwanza. Waheshimiwa wakuu wa idara, wa vitengo na wa vijitengo. Wauguzi mlioruhusiwa kutoka wodini. Wagonjwa mliotolewa kwenye foleni ya dawa ili mje mtujazie viti. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa ni kosa la katibu wangu. (Makofi. Katibu anainamisha kichwa.)

Nasimama mbele yenu, mimi Mkurugenzi wenu, nikiwa na moyo mkunjufu, suti mpya na kurasa kumi na nane za hotuba, kuzindua rasmi Mradi Jumuishi wa Uimarishaji wa Umakini kwa Watu Wazima, mradi ambao haujawahi kutokea katika hospitali hii, wala katika hospitali za jirani, na nitashangaa sana ukitokea popote. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ugonjwa huu wa herufi nne, ADHD, yaani upungufu wa umakini, ni wa watoto wanaoruka juu ya madawati. Leo wataalamu wanatuambia kwamba mtoto yule hukua, huajiriwa, huoa au huolewa, na ugonjwa anao vilevile. Mimi mwenyewe sikuamini. Lakini mfadhili aliamini, na pale mfadhili anapoamini, mimi ni nani nimvunje moyo? (Kicheko safu ya mbele. Safu za nyuma zinachelewa kucheka, zikitazama kama ni lazima.)

Basi hatukulala. Tuliketi na mastekiholda wote, tukafanya wokshopu ya kapasiti bildingi hotelini, tukaandaa fremuweki ya utekelezaji yenye nguzo kuu, na chini ya nguzo kuna mihimili, na chini ya mihimili kuna viashiria, na chini ya viashiria, ndugu zangu, kulikuwa na chai na vitafunio. Watu husema Mkurugenzi huyu ni mchapakazi. Sisemi mimi; nimewaandikia tu waseme. (Makofi kutoka Idara ya Utawala.)

Sasa nimesikia maneno ya chini chini, huko koridoni na kwenye dirisha la dawa, kwamba eti daktari tuliyemkabidhi mradi huu ni bingwa wa mifupa. Leo nataka nilijibu jambo hili hadharani, kiume, bila kupepesa macho. Ni kweli. Amesomea mifupa, amefunga plasta nyingi kuliko nywele zangu, na hakuna mguu hapa mjini usiomfahamu. Lakini nawauliza: umakini unakaa wapi? Unakaa kichwani. Na kichwa ni nini? Nimeuliza, kichwa ni nini? Kichwa ni mfupa! (Makofi mazito kutoka Idara ya Mifupa.) Zaidi ya hapo, Bingwa alihudhuria semina elekezi ya asubuhi nzima kuhusu ugonjwa huu, na ingawa aliitwa mapema kwenda kuunga kiwiko, alirudi wakati wa chakula na akapewa cheti sawa na wenzake. Kwa hiyo anayehoji utaalamu wake anahoji cheti, na anayehoji cheti anahoji muhuri, na muhuri ule, mabibi na mabwana, niliugonga mimi.

Nije kwenye ubunifu wetu wenyewe. Nasikia kuna hospitali ambako mtu mzima akisema hana umakini, daktari huketi naye muda mrefu, humuuliza alivyokuwa shuleni, alivyo kazini na nyumbani, kisha huwaita hata ndugu zake nao waulizwe. Huo ni umbea wenye koti jeupe. Sisi tumebuni Kipimo cha Benchi. Mgonjwa anaketi kwenye benchi la korido, nje ya mlango wa Bingwa. Akikaa kwa utulivu mpaka aitwe, basi umakini anao, ni mzima, arudi nyumbani. Akiinuka akaenda zake, asiwepo anapoitwa, basi huyo ni mtoro, na hospitali yetu haitibu watoro. Kipimo hiki hakili umeme, hakihitaji dawa wala vipuri, na tangu tukianzishe hakijatupatia mgonjwa hata mmoja. Wenzetu wanahangaika kuwatibu watu hawa, sisi tumewamaliza! (Makofi. Muuguzi mmoja anatazama dari.)

(Sauti ya mwanamke kutoka safu ya tatu: "Na yule anayekaa huku anajilazimisha mpaka jasho linamtoka, mheshimiwa?")

Aa, naona ndugu yetu Fundi Saa tuko naye. Karibu sana, ingawa kipindi cha maswali hakimo kwenye ratiba. Kwa wale msiomfahamu, bibi huyu ana kibanda cha kutengeneza saa nyuma ya soko. Anafungua saa ya mkononi, anatoa vidude ambavyo mimi hata kwa miwani siwezi kuviona, anavisafisha, anavirudisha, na saa inatembea. Akishika kazi yake hasikii simu, hakumbuki kula, ukimwita haitiki. Halafu anakuja hapa anasema hana umakini! Huko si kutukosea adabu? Siku ya kwanza alikaa benchini mpaka adhuhuri bila kutikisika, kwa sababu alikuwa na saa ya mteja mapajani. Akafaulu, akaambiwa ni mzima. Siku ya pili hakubeba saa. Akainuka kwenda kunywa maji, njiani akasoma matangazo yote ya ukutani, akamsaidia mzee mmoja kutafuta maabara, na alipokuja kushtuka alikuwa getini. Mtoro!

(Fundi Saa: "Lakini ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo! Nikipenda kitu kinanimeza, nisipokipenda siwezi kujishika. Nilimwambia daktari hivyo hivyo.")

Mnamsikia? Mgonjwa anamfundisha daktari! Na si hilo tu. Siku ile alipofanikiwa kuingia ndani, alimtazama Bingwa wetu usoni, mtu mwenye koti lililopigwa pasi, akamuuliza, "Daktari, samahani, umeshawapima watu wazima wangapi wenye tatizo hili?" Swali gani hilo? Kinyozi akikushika kichwa, unamuuliza ameshanyoa wangapi? (Sauti kutoka foleni ya dawa: "Ndiyo!" Kicheko.) Kimya huko nyuma. Bingwa kwa busara zake hakumjibu. Alichukua nyundo yake ndogo akamgonga goti, na goti likaruka. Sasa goti linalosikia si ushahidi wa kichwa kinachosikia? Bibi akadai eti aulizwe habari za utotoni. Bingwa akamwambia hospitali si kijiwe, akamwandikia dawa ya maumivu ya mgongo, ambayo ndiyo iliyokuwepo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu likivunjika, ndugu zangu, Bingwa yupo. (Makofi marefu. Bingwa anasimama, anainama, anaketi.)

Na kwa nini anang'ang'ania? Hapa naingia kwenye mambo ya nyumbani kwake, ambayo kwa kuheshimu siri ya mgonjwa nitayataja kwa ufupi tu mbele yenu nyote. Bibi huyu amemsahau binti yake shuleni. Si mara moja. Juzi mtoto alikaa na mlinzi wa geti mpaka taa za barabarani zikawaka, naye mama alikuwa kibandani, ameinamia saa ya watu. Mama mkwe wake, ambaye namwona pale pembeni yake, shikamoo mama...

(Mama mkwe: "Marahaba.")

...mama mkwe wake ametoa kauli, na ana haki yake, kwamba hospitali ikithibitisha kuwa huu ni ugonjwa, ukoo utamsaidia apate tiba. Na ikiwa ni uzembe, basi mtoto atahamia kwa bibi yake Jumamosi hii na atalelewa huko. Ndiyo maana wamekuja wote wawili leo, wasikie jibu la serikali. Nami kama Mkurugenzi natamka bila kigugumizi kwamba ofisi yangu haiwezi kumwita mtu mgonjwa kwa sababu tu anaumwa. Kuna taratibu!

(Fundi Saa anasimama. "Mheshimiwa, sikuja kuomba huruma. Mwanangu nampenda kuliko macho yangu. Naweka kengele kwenye simu, naandika kwenye kiganja, nimemwomba jirani wa kibanda anipigie kelele muda ukifika, na bado siku inaniponyoka. Kila nikimkuta getini nalia kabla yeye hajalia. Nataka tu daktari anayeijua kazi hii aniangalie aniambie nina nini. Akisema ni uzembe, nitanyamaza." Mama mkwe anageuka, anakitazama kiganja cha mkwe wake, na wino ulioandikwa juu ya wino.)

Ahsante kwa mchango mzuri, utaingizwa kwenye kumbukumbu. Sasa takwimu, maana takwimu hazilii. Katika robo hii ya mwaka, Kliniki yetu ya Umakini imehudumia wagonjwa thelathini na mmoja. (Makofi.) Asilimia mia moja ya wagonjwa hao ni wanawake. Asilimia mia moja ni mafundi saa. Asilimia mia moja wanafanya kazi nyuma ya soko, jambo linaloonyesha wazi kwamba tatizo limeota mizizi eneo lile, na tayari tumeshawaandikia wafadhili kuomba nyongeza kwa ajili ya soko zima. Katika Awamu ya Pili tutajenga jengo la ghorofa nne: ya kwanza mapokezi, ya pili usajili, ya tatu utawala, na ya nne ofisi yangu, kwa kuwa umakini unahitaji mtu wa kuutazama kutoka juu.

(Mama mkwe anainua mkono, kisha hasubiri kuruhusiwa: "Mwanangu Mkurugenzi, hao thelathini na mmoja si ni mtu mmoja? Si huyu mkwe wangu?")

Kitakwimu hapana, mama. Akirudishwa nyumbani faili lake linafungwa. Akija tena anafunguliwa jingine. Ni mfumo wa kisasa.

(Mama mkwe: "Na hizo mara zote, kuna aliyempima? Maana mimi niliambiwa daktari amemwona, hana kitu. Nikamtangazia ukoo mzima kwamba ni uzembe.")

Amehudumiwa, mama. Kuhudumiwa ni jambo moja na kupimwa ni jambo lingine. Kupimwa kumo katika Awamu ya Tatu, Mungu akipenda na bajeti ikiruhusu. Tafadhali keti, muda unakwenda, na mwakilishi wa Mgeni Rasmi amepiga simu kusema sasa hatafika.

Kabla ya utepe, kaulimbiu yetu. Nikisema "Umakini!" nyote mnaitikia "Kazini!" Nikisema "Mtu mzima!" mnaitikia "Atulie!" Tujaribu. Umakini! ("Kazini!" Safu ya mbele peke yake.) Mtu mzima! ("Atulie!" Idara ya Utawala na mtu mmoja aliyeamshwa.) Safi sana, kwa ari hiyo hiyo.

Na sasa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kikubwa. Nawashukuru wahudumu wa usafi kwa kutuazima stoo yao ya mafagio na ndoo, ambayo ndiyo kliniki mnayoiona hapo nyuma yangu. Funguo mtarudishiwa mara tu picha zikishapigwa. Namshukuru Bingwa, ambaye anarudi kwenye plasta zake mchana huu huu na hatatoka tena huko. Nawashukuru wafadhili, ambao fedha zao zote, kwa uwazi wa hali ya juu, zimekwenda kwenye semina, fulana, maturubai na spika hii ninayoitumia kuwashukuru. Na kwa namna ya pekee, kutoka uvungu wa moyo wangu, namshukuru Fundi Saa, kwani bila yeye kuja na kurudishwa, kuja na kurudishwa, tusingepata takwimu, na bila takwimu mradi huu usingekuwepo hata kwenye makaratasi, ambako ndiko uliko na ndiko utakakobaki. Tunamwomba aendelee hivyo hivyo alivyo mpaka tutakapowasilisha ripoti ya mwisho. (Makofi machache yanaanza, yanaona haya, yanakoma.)

(Mama mkwe anasimama. Anachukua mkoba wa mkwe wake, anautundika begani pake, anamshika mkono. "Inuka, mwanangu, twende. Mtoto haendi popote, ni wako. Kesho mimi nitakuwa getini kumchukua, na wewe tutakutafutia daktari wa kweli, hata kama ni mji wa tatu kutoka hapa. Na akitaka kuuliza ndugu, aniulize mimi. Nitamweleza yote niliyoyaona kwa macho yangu nikayaita uzembe." Fundi Saa anafunika uso kwa upande wa mtandio. Wanatoka. Watu wa foleni ya dawa nao wanaanza kuinuka, mmoja mmoja.)

Mama, keti, hatujakata utepe! Na nyie wa foleni ya dawa, nani amewaruhusu kusimama? Mpiga picha, piga haraka kabla viti havijaonekana. Umakini! (Hakuna anayeitikia.) Nimesema, umakini! Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.