Nimeichimba Brauni ya Mzee Righa

Leo nimejiaibisha mbele ya baba mkwe, na ubaya ni kwamba bado hajawa baba mkwe. Naandika haya nikiwa stendi ya Mwatate nikingoja gari la kurudi Voi. Mikono inanuka gereji, kola ya shati imekuwa nyeusi, na watu wananipisha njia bila kuombwa. Nawaambia nyinyi mapema kabla hamjaisikia kwa Wakesho, maana yeye akisimulia huwa ananiongezea chumvi.

Kwa asiyemjua, Wakesho ni mchumba wangu, mwalimu wa chekechea hapo Voi. Kwao ni huku chini, karibu na mashamba ya mkonge. Jumamosi ijayo wazee wangu walikuwa washuke kutoka Mghange waje kumwomba rasmi. Kilichobaki ni baba yake kusema neno moja tu, "karibuni", na neno hilo alikuwa hajalisema.

Kosa lenyewe nililifanya miezi miwili iliyopita, siku ya kwanza kwenda kwao. Baba yake, Mzee Righa, ni mtu wa maneno machache. Tulikunywa chai kikombe cha kwanza kimya. Cha pili kimya. Ukutani, juu ya kalenda, nikaona fimbo kuukuu ya gofu imetundikwa kwa misumari. Nikaomba kuishika. Mzee akaniuliza, "Kwani wewe hucheza?"

Nikajibu, "Hucheza, Baba. Hasa ule mchezo mfupi."

(Sijawahi kucheza gofu. Mimi nina duka la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti.)

Nilisema mchezo mfupi kwa sababu nilikuwa nimeona mahali kwenye simu kwamba kupiga mpira mbali ni nguvu tu, lakini bingwa wa kweli hujulikana akikaribia shimo, pale anapoubembeleza mpira kwa mapigo madogo madogo. Ilikuwa sentensi moja tu niliyoisoma nikimsubiri mteja. Lakini uso wa Mzee ulifunguka. Kumbe amefanya kazi maisha yake yote kwenye uwanja mdogo wa gofu wa pale mkongeni, kwanza akibeba mifuko ya wachezaji, baadaye akiutunza uwanja wenyewe. Amestaafu, na bado kila asubuhi huenda kufagia. Akaniongezea chai kwa mkono wake.

Basi nikarudi Voi nikaanza kusoma. Nilitazama video za vigogo wote wa mchezo mfupi duniani hadi nikawapa majina yangu mwenyewe. Mmoja nilimwita Fundi Saa, huyo anasukuma mpira utadhani anahesabu sekunde. Mwingine Mama Taratibu, anavuta pumzi mara mbili kabla ya kila pigo. Na kipenzi changu, Daktari. Daktari ni bingwa wa kujitoa kwenye mtego wa mchanga. Mpira ukizama mchangani wenzake wanashika vichwa, yeye anatabasamu. Anapindapinda viatu mpaka vizame, analaza kichwa cha fimbo, halafu haupigi mpira. Anaupiga mchanga, vidole viwili nyuma ya mpira. Mchanga unaruka, mpira unatoka ndani yake na kwenda kutua polepole kando ya shimo. Nilimtazama Daktari mpaka bando likaisha, nikanunua lingine.

Fimbo niliipata sokoni Voi kwenye rundo la miavuli ya mitumba. Nikafanya mazoezi uani, nikilenga kikombe, kisha nikilenga ndoo, kisha nikaacha kulenga. Ndoo ilikuwa ya mama mwenye nyumba. Tuliyamaliza.

Alhamisi Mzee akapiga simu. "Mwakio, kuja Jumamosi asubuhi. Nataka kuona huo mchezo mfupi kabla wazee wako hawajafunga safari."

Wakesho akaniambia, "Mwambie ukweli tu. Baba hachukii mtu asiyejua. Anachukia mtu anayejifanya."

Nikamwambia asijali, nina Daktari.

Leo saa tatu nilikuwa uwanjani. Walikuwa wamekuja wote, Wakesho akiwemo. Mzee Righa na miwani yake. Mama Wakesho na chupa ya chai na kikapu cha mahamri. Na Mjomba Shako, kaka yake Mama, mwalimu mkuu mstaafu, amevaa suti ya rangi ya maziwa kana kwamba anakwenda kupokea medali. Huyo mjomba ana kauli kubwa kwenye mambo ya harusi, kwa hivyo nilimwamkia mara mbili.

Sasa niwaeleze nilichokiona, ili mnihukumu kwa haki. Mimi ni mtu wa milimani. Kwetu Mghange hata ukiacha jembe nje unahisi litaota majani. Pale chini nyasi zilikuwa zimekauka, zimekuwa rangi ya gunia, na katikati kulikuwa na duara kubwa la mchanga mweusi uliolainishwa vizuri sana. Mbele ya duara, kwenye mstari uleule, kulikuwa na tangi la maji linalovuja, na chini ya tangi nyasi kijani kibichi, nzuri, ukubwa wa sebule, na kijiti kimesimamishwa katikati kina kitambaa chekundu. Kwenye video zote nilizotazama shimo huwa penye nyasi za kijani na bendera. Sikuwa na swali hata moja.

Mzee alikuwa anamalizia kufagia lile duara la mchanga. Nikajiambia, huyu mzee ni msafi, anafagia mpaka mtego. Kando yake kulikuwa na mlingoti mdogo umelazwa chini. Sikuujali.

"Wewe ni wa mchezo mfupi," akasema. Akahesabu hatua kama thelathini kutoka pale, akaweka mpira. "Haya. Peleka pale." Akanielekeza kwa mdomo, mnajua wazee wetu wanavyoelekeza. Mdomo wake ulielekea kwenye mchanga na kwenye nyasi za tangi kwa pamoja.

Nikavuta pumzi mara mbili, kama Mama Taratibu. Nikapiga.

Nikajua papo hapo nimepiga vibaya. Mpira uliruka kidogo tu, haukufika hata nusu ya njia ya kwenda kwenye tangi. Ulidunda mara moja, ukabingirika na kusimama katikati ya ule mchanga. Nikafumba macho.

Wakapiga makofi.

Nikadhani ni makofi ya huruma, yale anayopigiwa mtoto aliyesahau shairi jukwaani. Mama Wakesho alikuwa amesimama. Mjomba Shako akamwambia Mzee, "Shemeji, hapo huna la kusema." Mzee mwenyewe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akautazama mpira.

Nikasema, "Poleni sana. Msijali, nitajitoa."

Wakacheka. Mama akasema, "Na hana majivuno, huyu."

Nikatembea mpaka mchangani, na wao wakasogea ukingoni, mbele yangu kidogo, waone vizuri. Mpira ulikuwa umekaa juu ya mchanga, na kando yake kulikuwa na kishimo kina kopo ndani. Ndiyo, nilikiona. Nilidhani ni mambo ya mabomba. Nikamshukuru Mungu mpira wangu haukutumbukia humo.

(Someni tena hiyo sentensi. Nilimshukuru Mungu.)

Nikanusa oili. Nikadhani trekta lilipita. Nikaanza kupindapinda viatu, kushoto, kulia, mpaka vikazama. Nikasikia Mzee pale ukingoni anasema kwa sauti ya chini, "Mwakio, viatu."

"Niachie, Baba," nikamjibu bila kumtazama. "Hapa ndipo napapenda."

Wakesho akaniita jina langu kamili, lile la kwenye kitambulisho. Hata hilo sikulisikiliza. Nililaza kichwa cha fimbo. Nikapima vidole viwili nyuma ya mpira. Nikainua mikono, nikamkumbuka Daktari, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Nawaambia ukweli, pigo lilikuwa zuri. Daktari mwenyewe angesimama. Mchanga uliinuka wote kwa pamoja na mpira ukatoka ndani yake, ukapaa, ukapita juu ya kila kitu, ukatua kwenye nyasi za tangi na kusimama mkono mmoja kutoka kijiti chenye kitambaa chekundu. Nikanyanyua fimbo juu. Nikageuka nikainama kidogo, kama wanavyofanya wao kwenye video. Nikasema, "Mmeona?"

Hakuna aliyepiga makofi.

Mjomba Shako alikuwa mweusi kuanzia kola mpaka magoti. Mama alikuwa ameinua kifuniko cha chupa kuangalia kama chai imepona. Mzee Righa miwani yake haikuonyesha macho tena, ni maduara mawili ya oili. Na pale miguuni pangu kulikuwa na shimo ambamo ungeweza kupanda mgomba.

Wakesho akanisogelea. Alikuwa ameuma midomo. Akaninong'oneza, "Ile nyasi imeota kwa sababu tangi linavuja. Kijiti ni cha mche wa Mama, mbuzi wasiukanyage."

"Na hapa?"

"Hapa ndipo penyewe, Mwakio. Huku hakuna maji ya kumwagilia nyasi. Wanachekecha mchanga, wanaupaka oili chafu ya magari usipeperuke, wanaulaza. Inaitwa brauni. Hicho kikopo ndicho shimo, na bendera yake ni ule mlingoti uliolazwa. Baba ameifagia tangu saa kumi na mbili, kwa ajili yako."

Nilitamani nizame mle mle nilimochimba. Sikutania tena. Macho yalinijaa machozi, na si kwa sababu ya mchanga.

Mzee alivua miwani. Hakupandisha sauti. Alipiga magoti, akatafuta alama mpira ulipokuwa umekaa kabla sijauchimbua, akaweka kidole gumba pale na kidole kidogo kwenye ukingo wa kopo. Mkono wake ulitosha.

"Shubiri moja," akasema. "Ulikuwa umebakisha shubiri moja. Mpira kama huo wa kwanza, hapa, nimeuona mara chache sana. Ulikuwa uuguse tu. Hata paka angeuingiza." Akaninyanyulia macho. "Nani alikufundisha?"

Ilibidi nichague. Nikasema, "Simu, Baba. Sijawahi kucheza gofu maisha yangu yote. Leo ndiyo mara ya kwanza kukanyaga uwanja. Nilidanganya siku ile kwa sababu nilitaka unipende."

Mjomba Shako akakohoa. Mchanga kidogo ukatoka.

"Nilijua," Mzee akasema. "Siku ile sebuleni uliishika fimbo yangu kama mwiko wa ugali. Nimengoja miezi miwili useme mwenyewe. Umenigharimu brauni." Akasimama, akachukua buruzo lake, kipande cha bomba kilichofungwa gunia na kamba, akanikabidhi. "Anza katikati, zunguka ukienda nje. Pole pole."

Nimezunguka tangu saa nne hadi saa saba. Niliburuza gunia nikiwa nimeinama, jua likanipiga kisawasawa. Mjomba alikaa kivulini na fulana ya ndani akila mahamri na kunihesabia mizunguko. Mama alijaribu kuiosha ile suti kwa sabuni ya kipande, akaiangalia, akaikunja akaiweka kando. Wakesho alikuja mara mbili kuniletea maji. Mara zote mbili alicheka mpaka akakaa chini.

Nilipomaliza, duara lilikuwa laini tena isipokuwa pale katikati. Shimo langu lilikuwa limekunywa mchanga wote na bado kulikuwa na bonde. Mzee alilizunguka, akaligusa kwa ncha ya kiatu.

"Wapigie wazee wako simu," akasema. "Waambie wasije Jumamosi."

Nikasema, "Sawa, Baba." Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza.

"Sijamaliza. Waje siku brauni hii itakapolala kama mkeka. Na wewe ndio utailaza. Mchanga utachekecha hapa, mimi nitakuonyesha. Oili utaleta. Ikikubali, watu wa Mghange karibuni."

Alisema karibuni. Nilimwomba arudie, akakataa.

Kwa hivyo nawaombeni, ndugu zangu. Natafuta oili chafu, madebe matatu. Nyambu wa Miasenyi, wewe una gereji barabarani na malori yanamwaga kila siku. Tafadhali usimwage tena hata tone, nakuja kesho. Mwingine yeyote mwenye gari linalohitaji kubadilishwa oili, huu ndio wakati. Na wewe uliyeanza kucheka tangu juu huko, sikukatazi, lakini kwa sasa anayeruhusiwa kunicheka ni yule aliyeshika debe.