Mtungi wa Mheshimiwa Waenda Norwe

Wananchi wa Ruiru, Thika na viunga vyake, mnatangaziwa kwamba safari ya kiutafiti ya Ngendo kwenda Norwe ilizinduliwa rasmi Ijumaa iliyopita, na ilifana. Wanaoeneza uvumi wakome. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye Katibu wa Itifaki, Baraza la Kuaga Wasomi.

Hapa kwetu hakuna kitu kinachoanza kabla ya kuzinduliwa. Mwaka jana tulizindua choo cha soko, kisha tukazindua kufuli yake. Sasa huyu Ngendo, msichana wa Gatongora, anayesomea shahada ya pili juu ya magonjwa ya kahawa, alitaka kwenda maabara za ng'ambo miezi mitatu hivi hivi, kimya kimya, kama mtu anayetoka kununua sukuma wiki. Haiya! Tukamwita Thika na sanduku lake.

"Katibu, ndege ni leo usiku," akasema. "Nikiikosa, nafasi inapewa mtu mwingine, na masomo yangu yameisha."

"Ndiyo maana tunaharakisha," nikamwambia. "Keti."

Alikaa hadi jioni, ndipo Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Kahiga, akafika. Mheshimiwa hajachaguliwa popote bado, lakini ameshazoea jina. Alikata utepe uliofungwa kwenye sanduku, akahutubia, kisha akatoa zawadi: mtungi wa gesi, mpya, umejaa, umebandikwa picha yake akitabasamu.

"Norwe kuna baridi," akasema. "Mtoto wetu hawezi kutetemeka na mimi niko hai!"

Tulipiga makofi. Ngendo hakupiga.

"Asante sana, Mheshimiwa, lakini gesi haipandi ndege. Nitashikwa."

"Nani atakushika, na sura yangu iko hapo?"

Nikamfafanulia kwamba zawadi ya kiongozi hairudishwi, hasa ikishapigwa picha. Kamati Ndogo ya Upakiaji ikatoa sandukuni majaketi mawili mazito ya Ngendo ili kifaa cha kupambana na baridi kipate nafasi. Mheshimiwa alifunga sanduku kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

"Uuui, mtoto wangu atafungwa!" mamake Ngendo akalia.

Maoni yake yalipokelewa.

Tukaondoka kwa msafara. Kwenye uwanja wa ndege, sanduku likaingia kwenye mashine, mashine ikalia, na afande mmoja mwanamke akasimama.

"Hili sanduku lina mtungi wa gesi. Ni wa nani?"

Nilimwona Ngendo akiutazama mlango wa kuingilia abiria. Kusema kweli nilimhurumia, ingawa hilo halimo katika majukumu yangu. Halafu akavuta pumzi, akamgeukia Eddie, mpiga picha wa Baraza.

"Eddie, ingia laivu mtandaoni. Mheshimiwa, hebu waambie wananchi huu mtungi umetoka kwa nani."

Mheshimiwa akanyoosha tai.

"Ni wangu! Nimeununua mimi, nimeupakia kwa mikono hii, na ufunguo ndio huu! Wapinzani wangu wamewahi kupakia nini?"

"Asante kwa ushirikiano," afande akasema. "Njoo huku."

Mheshimiwa alidhani anapelekwa kwenye chumba cha wageni mashuhuri. Alitupungia mkono mpaka mlango ukafungwa.

Sanduku likafunguliwa, mtungi ukabebwa na watu wawili waliovaa kofia ngumu, na Ngendo akaambiwa apite. Alimkumbatia mamake kwa nguvu, wote wawili wakilia na kucheka. Mamake akamvalisha sweta lake mwenyewe. Ngendo akaingia ndani bila kutoa hotuba ya shukrani, jambo ambalo Baraza litalijadili.

Nilikuwa naanza kutafuta njia ya kutoka, afande yule aliporudi.

"Mheshimiwa anasema hajui lolote, mambo yote yalipangwa na katibu wake. Katibu ni nani?"

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba mimi simjui huyo mtu, nilikuja tu kumpokea shangazi yangu kutoka Kisumu.

"Katibu," Eddie akaniita kutoka nyuma ya simu, "bado tuko laivu."