Mabega ya Mchumba wa Pascaline

Jumatatu, 4 Juni 2001. Dzaleka.
Pascaline amebandika ukutani picha ya mwanamuziki, ameikata gazetini. Mabega kama kabati, shingo haipo. Ni zile video za muziki zinazoonyeshwa bandani kwa kiingilio. Tangu zianze, wasichana wa kambi hii ya wakimbizi hawataki mwanaume anayepita mlangoni bila kugeuka ubavu. Mimi napita milango yote. Fundi cherehani, mifupa mitupu. Nampenda Pascaline hadi nakosea mishono.

Baba yake alibaki kwao Uvira kwa sababu ya vita. Posa itaamuliwa na baba yake mdogo, Mzee Lwaboshi anayeishi Chinsapo, mjini Lilongwe. Mzee hasafiri, ametaka photo za wachumba. Moïse wa kwaya, mwenye kifua kipana, ameshatuma yake. Kazi ninayo.

Jumatano, 6 Juni. Lilongwe.
Dawa nimeipata! Mpiga picha mmoja wa Chilinde ana ubao uliochorwa mwili wa tajiri, umetobolewa mahali pa kichwa. Nikaingiza changu. Kikakaa vizuri mno. Ubao ulikuwa na joto, na nilipotaka kutoka ulinibana shingo kidogo. Mpiga picha alisema aliukuta hapo, hajui nani aliuchora. Picha nimeipeleka kwa Mzee kabla sijabadili nia. Moïse kwisha.

Jumamosi, 9 Juni. Dzaleka.
Mzee amekubali. Pascaline anasema Mzee ameshukuru sana kwa ziara yangu ya jana, eti huyu njo muntu, mwanaume hasa, alikula nsima, ugali wa huku, akaomba tena. Jana nilishinda hapa nikishona sare za shule. Nywele zimenisimama. Hata hivyo nimetabasamu. Moïse amekonda kwa hasira, na hilo limenifurahisha.

Jumanne, 12 Juni.
Pascaline ameleta kitambaa cheupe. Suti ya mchumba, ya siku ya kutangazwa kanisani. Nikaanza kujipima. Akanizuia kwa upole, akanipa ile picha, akasema nipime kwa hiyo. Nikamwambia mchumba ni mimi. Alinitazama kama anayetafuta mtu nyuma yangu. Akasema we njo fundi, Jules, na majina kufanana ni neema ya Mungu.

Nilitaka kulia. Badala yake nimepanga. Nitashona kwa kipimo cha picha, nijaze matambara mabegani, niivae mwenyewe. Akiona mabega atanitambua.

Jumamosi, 16 Juni.
Suti tayari, iko msumarini. Matambara sijaweka bado, lakini imejaa. Nimeibonyeza kifuani. Ngumu, tena vuguvugu. Nakwenda kulala kwa jirani.

Jumapili, 17 Juni.
Asubuhi msumari mtupu. Nimekimbilia kanisani na shati la kazi. Mchungaji akaita jina langu. Nikasimama, nikafungua mdomo, na sauti nene ikaitika mbele. Alikuwa pale, suti nyeupe, uso wangu, mkono wa Pascaline mkononi mwake. Sijawahi kumwona Pascaline na furaha vile. Mimi hakuna aliyenitazama, hata Moïse, aliyekuwa akilia kwenye benchi langu hilo hilo. Nimeumia, sifichi. Ila mabega yalikaa sawasawa, hakuna mshono ulioharibika.

Wakati wa kutoka, msichana mgeni aitwaye Arlette aliniuliza habari. Ana macho mazuri ajabu. Nikamwomba nikawaone watu wake. Akasema kaka yake kwanza anataka photo. Nimemwambia itafika Jumatano; njia ya Chilinde naijua.