Sabuni Kwenye Mirija ya Mama Pacha

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mkuu wa maabara ametuita, mimi na Mama Pacha. Mikataba yetu inaisha Ijumaa na nafasi ni moja. Ataipata atakayeonyesha kwamba protini yetu inajishikiza kwenye utando wa seli. Protini hii ni tarishi. Ina mkia wa mafuta, inauchomeka kwenye utando, inakaa hapo ikingoja ujumbe kutoka nje iupeleke ndani. Mkia ukikosa pa kushika, tarishi anaelea tu. Kwa hiyo unapasua seli, unazizungusha kwenye mashine, utando unazama chini ya mrija. Protini ikizama nao, mambo safi.

Mama Pacha ana mikono mizuri kuliko mimi. Ana pia watoto wawili wa darasa la kwanza na hana wa kumsaidia. Mimi nina akili.

Jumanne, tarehe 5

Mpango! Mkuu anapenda usafi kuliko sayansi. Nimefika saa kumi na mbili asubuhi na sabuni ya vyombo ya dada yangu, nikaosha mirija yote ya Mama Pacha, ili Mkuu anikute nimeinama kwenye sinki, mtu wa kujitolea. Yangu nikaiacha, mgongo uliuma. Nikasikia viatu vya Mkuu ngazini hata sijasuuza. Nikaipanga upesi ikauke.

Kanisifu! Mama Pacha naye akashukuru, akauliza kama nimesuuza vizuri. Nikamwambia nimesuuza mara tatu.

Jumatano, tarehe 6

Protini yangu imezama. Ya Mama Pacha imebaki yote kwenye maji ya juu. Karudia, vilevile. Mkuu akamwambia labda amechoka.

Nimeelewa saa nane, nikinawa mikono baada ya chakula. Sabuni inayeyusha mafuta. Utando ni mafuta! Mkia umekosa pa kushika, na aliyeuyeyusha utando ni mimi.

Nikaenda kumwambia. Nilimkuta stoo akijifuta macho kwa mkono wa koti. Nikamwambia leo kuna joto. Joto! Nimejuta tangu mlangoni. Sentensi moja tu ilitakiwa, na niliibeba mdomoni hadi nyumbani.

Alhamisi, tarehe 7

Nimeandika kikaratasi kwa mkono wa kushoto, kwamba asuuze mirija yake upya, nikakitumbukiza kwenye koti lake. Makoti yote ni meupe. Lilikuwa la Mkuu. Ametutangazia kwamba yeye haoshi mirija, na anamtafuta mwenye mwandiko wa kuku. Nilisaidia kumtafuta.

Ijumaa, tarehe 8

Mama Pacha amepata nafasi. Aliunusa mrija! Akasuuza, akatumia seli alizobakiza kwenye friza, protini ikazama. Kisha akatia sabuni makusudi, ikaachia. Mkuu alipiga makofi. Yangu ilionyesha inazama tu, na hata mchanga unazama. Yake ilionyesha ni mafuta ya utando yanayoishika.

Mbele ya wote alisema wazo hilo amelipata kwangu. Nilitabasamu kama mwizi. Baadaye, tukiwa wawili, akaniambia sabuni haikumuuma, kaka yangu. Kilichomuuma ni ile mara tatu. Nikaomba radhi, siku tatu baada ya wakati wake. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amefika kabla sijaoa.

Jumatatu, tarehe 11

Mama Pacha ameniombea kwa Mkuu. Nimepewa mwezi mmoja, kazi ya kuosha vyombo. Sistahili. Nimeapa, kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Ila nimeona lenzi ya darubini ya Mkuu ina doa, na stoo kuna dawa kali ya kung'arishia madirisha. Kesho nitafika saa kumi na mbili, kabla ya wote. Mama Pacha akiuliza kama nimesoma maelekezo ya chupa, nitamwambia mara tatu.