Jengo la Chuma la Mama Mpole

Injinia aliziona kokoto kabla ya kumwona mwenye kokoto. Zilikuwa zimemwagwa kando ya lango, rundo la haja, na majani yalikuwa yameota juu yake. Kwa mtu wa kazi yake, hakuna kitu kitamu machoni kama kokoto zilizoota majani. Maana yake hapa pana mtu alitaka kujenga, akaanza, akakwama, na roho bado inamuuma. Mtu wa namna hiyo anahitaji maneno tu, na Injinia alikuwa na maneno ya kuulisha mji mzima yakabaki.

Tuseme ukweli kuhusu huo uinjinia. Chuo hakukiona hata kwa kuchungulia dirishani. Alikuwa na kofia ngumu ya njano, buti zilizopakwa saruji kidogo kwa makusudi, tepu ya kupimia iliyoning'inia kiunoni, na sauti ya mtu anayesubiriwa kikaoni. Kwa vifaa hivyo alikuwa amekwisha "jenga" maghala, gereji na mabanda ya kuku karibu kila mtaa, yote yakiishia kwenye kianzio. Akishapokea kianzio, huaga kwamba anakwenda dukani kununua nati. Huko kwenye nati ndiko alikokuwa harudi.

Akaegesha pikipiki yake, akalisukuma lango.

Uwanja wa nyumba ile ulikuwa mpana, umefagiliwa ukafagilika. Kibarazani aliketi mama mmoja mnene, mwenye miwani na uso wa upole, akikunja nguo zilizokauka. Majirani walimwita Mama Mpole, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu, ilitosha kumtazama.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Unisamehe kwa kukuvamia. Nilikuwa napita, nikaziona zile kokoto, miguu ikagoma. Nikajiuliza, hivi kiwanja kizuri kama hiki kimekosa jengo la chuma?"

Mama akashusha shati alilokuwa anakunja. "Umejuaje kama tulitaka la chuma?"

Injinia alikuwa ameona vipande viwili vya nguzo za chuma vimeegemezwa ukutani, vimeliwa na kutu. "Mama, ndiyo kazi yangu," akasema kwa unyenyekevu.

Mama Mpole akahema. Akaeleza kwamba ilikuwa iwe karakana: nguzo za chuma, mabati, mlango mpana wa kuingiza gari. "Lakini mafundi wa siku hizi! Alikuja mmoja kama wewe, akapima, akachukua kianzio, mpaka leo."

Injinia akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Wenzake walikuwa wanafanya kazi kwa fujo, wanawafunga watu mioyo. "Watu hao ndio wanaotuchafulia jina, mama yangu."

Akatoa tepu. Akapima kutoka ukuta wa jirani, akapima kutoka nyumba. Akachuchumaa, akafumba jicho moja, akatazama maji ya mvua yangeelekea wapi. Akasema jengo lisikae karibu na ukuta, jirani asije akapata la kusema. Akasema mlango uelekee langoni ili gari lisihangaike. Akasema nguzo zifungwe kwa bolti kwenye zege. Yote yalikuwa ya kweli, kwa kuwa uongo mzuri hujengwa kwa vifaa halisi. Kisha akakung'uta magoti, akapunguza sauti.

"Tatizo ni moja tu, mama. Chuma kinapanda bei wiki ijayo. Ukinipa kianzio leo..."

"Sitoi hata senti," alisema Mama Mpole, kwa upole ule ule. "Nimeshaumwa mara moja. Kwanza nione chuma kimesimama. Kikisimama nakulipa yote kwa mkupuo, na nyongeza juu."

Injinia akaanza kuangalia njia ya kuagia. Mama akamshika mkono.

"Na siyo mimi peke yangu, mwanangu. Tuna kikundi chetu cha akina mama. Kila mmoja ana kiwanja, kila mmoja hela yake imelala tu benki. Wote wananisubiri mimi niwe wa kwanza. Wakiliona la kwangu, watakuja kwako mikoba imeshafunguliwa."

Picha ya ile mikoba ikamganda Injinia kichwani. Aliporudi nyumbani alijaribu kula, hakuweza. Alijaribu kufikiri, akawa anahesabu mikoba. Mwishowe akajiambia kwamba hata mvuvi hupoteza chambo. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea.

Fundi alimsikiliza, kisha akainua ile miwani yake myeusi. "Wewe na chuma, wapi na wapi?"

"Safari hii ni kweli."

"Kama ni kweli, acha pikipiki."

Akaiacha. Akaacha pia akiba yake yote, jasho la watu wengi, ingawa si lake.

Jengo likaanza kupanda. Mama Mpole hakukosa siku. Alileta chai, alileta kiti, na alileta simu. "Simama hapo kwenye nguzo, mwanangu. Cheka kidogo. Nawatumia wenzangu wakuone." Injinia, ambaye maishani alikimbia kamera kuliko alivyokimbia polisi, akavua kofia akacheka. Mikoba, mikoba.

Kila picha ilirudi na maoni. Wenzake Mama wameuliza, mbona hakuna madirisha? Yakawekwa madirisha. Wameuliza, sakafu itabaki udongo? Ikamwagwa zege. Wamependa, ila wanaona rangi ya bluu ingependeza zaidi. Injinia akakopa rangi.

Na jambo la ajabu likampata. Siku moja alijikuta anamfokea kibarua kwa sababu ya bolti iliyokaa upande. Akajitazama kama mtu aliyejikuta amevaa nguo za mwenzake. Mabati yalipokwisha kufungwa alirudi nyuma hadi langoni, akalitazama lile jengo limenyooka, linang'aa, akasahau kuhesabu mikoba.

Siku ya malipo alinyoa ndevu, akaja kwa miguu. Kibarazani palikuwa na masanduku ya safari. Mwanamume mrefu mwenye mvi alikuwa anaizunguka karakana, anagonga nguzo moja moja kwa kidole kama daktari anavyogonga kifua.

"Kaka!" Mama Mpole akaita. "Huyu hapa, ndiye huyu!"

Yule bwana akaja mbio, akamkumbatia Injinia mpaka kofia ikaanguka. "Ndugu yangu! Miaka yote niko majini, natuma hela ya karakana hii. Dada ananitumia picha, mimi roho inadunda, nasema labda ni picha za jengo la watu wengine. Wenzangu melini wamejengewa hewa na ndugu zao wa damu. Leo nimefika, naigusa kwa mkono wangu!" Akafuta macho. "Kazi safi. Na mimi ni injinia wa meli, najua ninachosema. Umesomea wapi?"

"Kaka, mwache mwenzako apumue," alisema Mama Mpole.

"Haya. Dada ameniambia amekulipa kila kitu, na nyongeza juu. Ni kweli?"

Injinia akamtazama Mama Mpole. Mama alikuwa anatabasamu vile vile, mikono ameifumbata tumboni. Injinia akafungua kinywa, akaiona njia nzima ya maneno yake na maswali yatakayofuata: mkataba uko wapi, cheti kiko wapi, kampuni inaitwaje. Akakifunga, kisha akakifungua tena.

"Amenilipa, mzee. Mama huyu hana baya."

Kaka mtu akachomoa bahasha nene kutoka mfukoni. Injinia akasogea bila kujijua. Bahasha ikampita, ikatua mkononi kwa dada. "Kwa uaminifu wako," kaka akasema.

Mama Mpole akamsindikiza Injinia mpaka langoni.

"Kikundi kiko wapi?" Injinia akauliza kwa sauti ya chini.

"Kikundi ni mimi, mwanangu."

"Na fundi aliyekimbia na kianzio?"

"Hakuwahi kuwepo. Kokoto nilinunua kweli, mwanzoni, kabla sijazoea."

"Hela zote za kaka yako?"

"Zililiwa. Kwani hela hukaa?"

"Nitarudi pale nimwambie."

"Mwambie." Mama akatoa simu, akaipangusa kioo kwa pindo la nguo. "Ila zile picha zako niliwaonyesha watu huku na huku, nikauliza kama kuna anayemjua injinia huyu. Wamenijibu wengi, maskini. Mmoja ana habari za banda la kuku. Sijamwambia mtu unapopatikana."

Injinia alitafuta katika lile ghala lake lote la maneno, akakuta limefagiliwa.

Kutoka ndani ya karakana sauti ya kaka mtu ikavuma kwenye mabati. "Injinia! Mbona sioni nyaya? Umeme je?"

Mama Mpole aliinua nyusi tu, kwa upole.

"Kesho asubuhi, mzee!" Injinia akaitika.

Ilikuwa ahadi ya kwanza maishani mwake aliyoitoa huku akijua, kwa uchungu mkubwa, kwamba ataitimiza.