Salamu za Tonton Fidèle

Leo nimeumbuka. Tena sokoni, mchana kweupe!

Mnajua nafundisha Kiingereza hapa Kisangani. Nyie huko Tabora mnadhani mwalimu wa ughaibuni analalia dola. Wauzaji wa hapa nao wanadhani hivyo hivyo! Tangu vita vya Kivu vilipopamba moto, kila kitu kimepanda bei. Nikifungua mdomo kwa Kiswahili changu cha Tabora, kinapanda tena. Mshahara unakata roho kabla mwezi haujafika katikati.

Mwenzangu Dido, mwalimu wa Kifaransa, akanipa dawa: "Sema uko mutoto ya Bengamisa, hapa karibu na Kisangani. Na usiseme 'tafadhali'. Ukisema ile, watajua uko mugeni, umekwisha."

Nikafanya mazoezi bafuni. (Ndiyo, bafuni. Ndoo ilinielewa.)

Asubuhi nikamwendea mama mmoja muuza mchele. Nikakunja uso kama mwenyeji.

"Mama, muchele iko bei gani? Bon, punguza. Miye niko mutoto ya Bengamisa."

Mama akaangusha kopo la kupimia. "Bengamisa! Ata miye ni kwetu! Uko mutoto ya nani?"

Mwenye akili angekimbia hapo. Mimi nikasema, "Ya... pale karibu na kanisa."

"Karibu na kanisa? Alors unajua tonton yangu Fidèle, ndugu ya mama!"

"Tonton Fidèle! Namujua sana!"

"Ulimuona lini?"

Nikaona niongeze chumvi. (Kwa nini, jamani? Kwa nini?) "Juzi! Iko muzuri. Alisema nikusalimie. Ata amenenepa."

Mama akashika kichwa, akawageukia wenzake. "Mukuje musikie! Tonton Fidèle, ule tulizika mwaka jana, ameanza kunenepa!"

Wakaja wote. Wauza samaki, wauza sabuni, mpaka fundi viatu. Mmoja akauliza kule marehemu wanakula nini. Mjane mmoja akataka nimpelekee mumewe salamu, na matusi mawili. Ulimi ukateleza:

"Samahani mama, tafadhali..."

"Eeeee!" fundi viatu akapayuka. "Kumbe ni ule mwalimu ya Kiingereza!"

Mama alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Nikadhani atanifukuza. Akanipimia mchele, kwa bei ya mgeni, bila kupunguza hata kidogo. Halafu akaongeza kopo moja juu. "Hii ni ya tonton. Umupelekee."

Msicheke. Nawashauri tu: kabla hujaleta salamu za mtu, hakikisha bado anapumua.